UZI: Sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia, na mji wa Galiwin'ku nilikokwama siku tisa

#1 Fundi Baridi

Wakuu, salamu kwenu. Juzi kwenye uzi mwingine jamaa kaandika kwamba Waswahili walifika Australia kabla ya Kapteni Cook, na ushahidi ni sarafu za Kilwa. Watu wakapiga makofi, mada ikaishia hapo. Mimi niko Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, mwaka wa tisa sasa, kazi yangu majokofu na viyoyozi. Kisiwa chenyewe zilikookotwa sijakikanyaga, ila nimefika jirani yake, mji unaoitwa Galiwin'ku. Nilitumwa kwa siku tatu nikakaa tisa, kwa hiyo ninayo ya kusema. Nitashusha kidogokidogo maana huku ni saa nne usiku na nimechoka, kwenu najua ni saa tisa na nusu tu alasiri.

Tuanze na sarafu, tuzimalize, kisha twende kwenye mji.

Mwaka 1944, vita vikuu vimepamba moto, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada kisiwa cha Marchinbar. Hicho ndicho kikubwa kati ya visiwa vya Wessel, vilivyojipanga kama mkia wa samaki taa kutoka pwani ya kaskazini ya Australia. Siku hiyo kabeba ufito wake wa kuvulia, akaona sarafu mchangani. Jumla tisa. Akazitia kwenye kopo, akaweka alama ya X kwenye ramani, basi. Zikakaa kwenye kopo miaka 35. Ilikuwa 1979 alipozipeleka zichunguzwe, akaambiwa nne ni za Kiholanzi, za kampuni yao ya zamani ya biashara ya mashariki, na tano ni za shaba za masultani wa Kilwa.

Kilwa hiihii ya Kisiwani. Zaidi ya kilomita elfu kumi za bahari.

Sarafu za Kilwa, kwa wasiozijua, zina utamu wake. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yanaleta vina na jina la sultani. Yaani ukigeuza sarafu unamaliza ubeti. Zilikuwa za matumizi ya palepale mjini, hazikusafiri sana. Nje ya pwani yetu iliwahi kuokotwa moja Zimbabwe Kuu na moja Oman, halafu ndiyo hizi tano za Marchinbar.

Nani alizipeleka? Ngoja nipumzike, nitaendelea kesho.

#2 Nahodha Mstaafu

Nimevuta kiti. Shusha mkuu.

#3 Kaka Tabora

Sasa ubishi uko wapi hapo? Sarafu ni zetu, kisiwa chao. Tulifika. Vitabu viandikwe upya.

#4 Dada wa Maskati

Hiyo ya Oman sikuwahi kuisikia na nimezaliwa hapa, bibi yangu wa Lindi. Endelea kaka.

#5 Fundi Baridi

@Kaka Tabora hapo ndipo tunapoachana. Sarafu hazina miguu lakini zina mifuko ya watu. Kaa ufikirie: pamoja na zile tano kulikuwa na nne za Kiholanzi, ambazo ni za karne nyingi baadaye. Kama zilifika mkono mmoja, basi mkono huo ni wa zama za Waholanzi, Kilwa imeshapigwa na Wareno tangu 1505 na hizo shaba hazinunui hata muhogo. Wapo wanaosema Wareno walizikwapua Kilwa wakatembea nazo mashariki. Wapo wanaosema ni mabaharia wa Makassar, Indonesia ya leo, ambao nitawaeleza sasa hivi. Wapo wanaosema ni meli iliyovunjika. Na shida ya yote ni kwamba Isenberg aliokota tu, hakuna aliyechimba akaona zimelala kwenye udongo wa karne gani. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh alikwenda na timu yake wakiwa na ile ramani ya X. Hawakurudi na sarafu nyingine ya Kilwa. Mwaka 2018 ikaokotwa moja inayodhaniwa ni ndugu yao, safari hii ufukweni kisiwa cha Elcho. Imelika sana.

Elcho ndiko uliko mji wa Galiwin'ku.

Basi hayo ya sarafu ndiyo hayo. Mimi nilikuwa kama Kaka Tabora, niliposikia kazi ni Elcho nikajitolea mwenyewe, kichwani nina Kilwa tu. Nilirudi na mambo mengine kabisa.

Safari: Darwin kwenda Galiwin'ku ni kama kilomita 550 kuelekea mashariki, ndege ndogo. Chini hakuna kitu. Nasema hakuna kitu kwa macho ya mgeni: misitu, mito inayojipinda kama utumbo, mikoko, halafu bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Kisiwa ni chembamba, urefu kama kilomita 60, upana hata sita hazizidi. Mji uko upande wa kusini-magharibi, watu zaidi ya elfu mbili, karibu wote ni Wayolngu, wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki ya eneo liitwalo Arnhem Land. Lugha ya mtaani ni Djambarrpuyngu. Kiingereza wanacho, lakini ni lugha ya pili au ya tatu, wanakitoa wakikuona wewe. Pombe marufuku. Bila kibali huingii.

Unatua, joto linakupiga usoni kama umefungua mlango wa tanuri la mkate. Kwa latitudo tuko karibu sambamba na Komoro, kwa hiyo hali ya hewa ni ya nyumbani kabisa: ukungu wa asubuhi, chumvi kwenye ngozi, embe zimeanguka chini zinanuka. Nilishuka nikasema hapa ni Mtwara. Kisha nikaona bango la mamba wa maji chumvi. Mtwara huogi na mamba baharini.

Kazi yenyewe: chumba cha baridi cha duka. Kompresa imekufa. Kifaa kilitakiwa kiwe kimeshaletwa na tishari, maana mizigo yote mizito inakuja kwa maji. Kampuni iliyonituma, siitaji, ilikuwa imesahau kukipakia. Tishari linalofuata wiki ijayo. Ndiyo nikakwama.

#6 Msomi Uchwara

Hii isije ikawa chai. Weka picha.

#7 Fundi Baridi

@Msomi Uchwara picha za watu siweki, nitakwambia kwa nini. Huko mtu akifariki jina lake halitajwi kwa muda mrefu, na picha zake hufichwa. Hata kwenye televisheni ya Australia kabla ya kipindi huwekwa tahadhari kwa wenyeji kwamba humu mna sura na sauti za marehemu. Yule mwanamuziki kipofu wa Elcho mwenye sauti ya kuliza, Gurrumul, alipofariki 2017 familia yake ililazimika kutoa ruhusa maalumu ndipo jina lake likaendelea kutajwa. Sasa mimi nitapiga picha ya mzee, niitupe mtandaoni, kesho kutwa asipokuwepo nani ataifuta? Hata huyo mzee nitakayemsimulia simpi jina.

#8 Mzee wa Nangurukuru

Umefanya la maana. Tuendelee na mzee.

#9 Fundi Baridi

Siku ya tatu sina la kufanya. Nikateremka pwani. Kuna miti mikubwa imesimama karibu na mchanga, kivuli kizito, chini pana maganda. Nikainama nikaokota ganda, nikalivunja. Ukwaju! Wakuu, sikuamini. Nikalamba, meno yakafanya ganzi. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka wa plastiki na wajukuu wawili, ananitazama. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Unaujua?" Nikamwambia kwetu tunautia kwenye mchuzi wa samaki na kwenye juisi. Akasema kwao unaitwa djambang, na haukuwapo. Uliletwa na Wamakassar.

Hapo ndipo stori ilipoanza, na ndipo nilipoanza kuisahau Kilwa.

Wamakassar walikuwa wanakuja kila mwaka kutoka kusini mwa Sulawesi. Wanakuja Desemba na upepo wa kaskazini-magharibi, wanaondoka kuanzia Aprili upepo ukigeuka kusini-mashariki. Nyie wa pwani mshaelewa: ni kaskazi na kusi yetu, kalenda ileile, ila huku kaskazi inatokea upande mwingine wa dira. Wanachofuata ni nini? Majongoo bahari. Haya ambayo sisi Unguja na Mafia tunayaokota hatuli, tunamuuzia Mchina. Nao walikuwa hivyohivyo: wanayachemsha kwenye masufuria makubwa ya chuma hapo ufukweni, wanayakausha kwa moshi, yanakwenda China. Biashara hiyo ilishika kasi katika karne ya 18. Wayolngu walifanya nao kazi na walipewa mchele, tumbaku, nguo, visu, mashoka, mitumbwi. Ugomvi ulikuwepo, damu ilimwagika mara nyingine, lakini msimu ukifika walirudi. Wapo Wayolngu walioondoka nao wakaiona Makassar wakarudi kusimulia.

Walikula ukwaju, wakatema mbegu. Leo ukitaka kujua kambi yao ilikuwa wapi, tafuta mkwaju mkubwa karibu na maji.

Na maneno yakabaki. Mtumbwi ni lipalipa. Kazi ni djäma. Mzungu ni balanda, yaani "Mholanzi", maana Wamakassar walishatawaliwa na Waholanzi na wakawaonya wenzao mapema. Na pesa, shikeni viti vyenu, ni rrupiya.

Nilimtolea mzee noti, nikamwambia kwetu pia tulisema rupia, bibi yangu mpaka anakufa hakuacha kusema rupia. Akaichukua noti akawaonyesha wajukuu, akasema nao maneno mengi, wakanitazama upya.

#10 Dada wa Maskati

Subhanallah. Na ukwaju kwa Kiarabu ni tamr hindi, tende ya Kihindi.

#11 Fundi Baridi

@Dada wa Maskati na hapo ndipo panapochekesha. Jina linasema ni wa Kihindi, hata jina la kisayansi linasema ni wa Kihindi, lakini wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika. Ulivuka kwenda India zamani sana, ukaenda visiwa vya Asia, Wamakassar wakautema Arnhem Land. Kwa hiyo Kaka Tabora, ukitaka Mwafrika aliyefika Australia bila ubishi, huyo hapo amesimama ufukweni na matawi yake.

#12 Kaka Tabora

😂😂 Mkuu umeninyima sarafu ukanipa mti.

#13 Nahodha Mstaafu

Mti hauongopi. Hao Wamakassar waliacha lini?

#14 Fundi Baridi

Msimu wa 1906 kwenda 1907. Eneo lilikuwa chini ya serikali ya Australia Kusini, wakaanza kuwatoza ushuru na leseni, mwisho wakazikata leseni kabisa, kazi ya majongoo ibaki kwa wazungu. Mzee alivyosimulia hili hakulisimulia kama historia. Alisema "wakaacha kuja", akanyamaza, akachora tanga mchangani kwa kidole. La mraba, limeinama. Kuna nyimbo za koo zao mpaka leo zina matanga na visu vya Wamakassar, na bendera wanazosimamisha kwenye misiba.

#15 Mzee wa Nangurukuru

Kibali unachosema ni cha serikali au cha wenyeji?

#16 Fundi Baridi

Cha wenyeji, mzee wangu, kupitia Baraza la Ardhi la Kaskazini. Ardhi ni yao kwa hati ya pamoja, haiuziki. Lakini haikuja hivihivi. Arnhem Land ilitengwa 1931 kama hifadhi yao, yaani wao wamo ndani na serikali ndiyo mwenye ufunguo. Galiwin'ku yenyewe ilianza 1942 kama misheni ya Wamethodisti. Misheni ya jirani ya Milingimbi ilikuwa na uwanja wa ndege za kivita, ikahofiwa mabomu ya Wajapani, ndipo mmisionari Harold Shepherdson akahamia Elcho. Alikuwa rubani pia. Wanamwita Bapa Sheppy mpaka leo, na bäpa kwao ni baba. (Msianze! Watoto wa dunia nzima wanasema baba na papa, huo si ushahidi wa Kilwa.)

Kelele kubwa ilianzia bara, Yirrkala, mwaka 1963. Serikali ilikata kipande cha ardhi kwa ajili ya madini ya bauksaiti bila kuwauliza. Wazee wakaandika malalamiko kwa Kiyolngu na Kiingereza, wakayabandika kwenye magome ya mti yaliyochorwa alama za koo zao pembeni, wakayapeleka Bungeni Canberra. Fikiria karani anafungua barua ni gome la mti. Wakaenda mahakamani, 1971 wakashindwa: hakimu alikiri kwamba wana sheria zao zenye mpangilio, ila akasema sheria ya nchi haiutambui umiliki wa namna hiyo. Kelele hazikuisha, na 1976 ikapitishwa sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory. Na 2008 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba kwenye ardhi yao hata maji yanayopanda na kushuka juu ya ufukwe ni yao. Mvuvi wa biashara lazima aombe.

Katikati ya hayo, 2007, serikali ya Canberra ikatuma wanajeshi na maafisa kwenye miji ya wenyeji, ikasimamisha sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi ili ipate nafasi, ikaanza kuwapangia watu namna ya kutumia posho zao. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda watoto. Ukitaka kuona mzee mpole anabadilika sura, mtajie mwaka huo.

#17 Msomi Uchwara

Sawa nimekubali siyo chai. Maisha ya hapo yakoje hasa? Usitupambie.

#18 Fundi Baridi

Sipambi. Nyumba hazitoshi. Niliingia nyumba moja kutazama kiyoyozi, magodoro yamepangwa mpaka barazani, vyumba vitatu vina vizazi vinne. Februari 2015 kimbunga Lam kiliezua na kubomoa nyumba nyingi, na vifusi vikawa na asbesto kwa hiyo watu hawakuruhusiwa hata kurudi kuokota nguo. Wakaishi kwenye mahema. Mwezi uliofuata kikaja kingine, Nathan. Dukani vitu ni ghali kuliko Darwin kwa mbali, na tishari likichelewa mboga zimekwisha. Wagonjwa wa figo ni wengi, na wapo wanaohamia Darwin kwa ajili ya mashine, wanafia mbali na kwao, ndege inawarudisha kwenye msiba.

Halafu jioni unakuta kina mama wamekaa chini wanasuka. Wanatumia majani ya mti ambao ni ndugu wa mkadi wetu, uleule ambao maua yake kina mama wa pwani wanatia kwenye nguo. Jani lina miiba pembeni kama msumeno. Mama anashika, anapasua kwa kucha, anavuta, miiba inatoka utepe mmoja na jani linabaki laini, sekunde mbili. Nilijaribu, nikatoka damu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Rangi wanapata kwenye mizizi: njano, nyekundu ya udongo. Nilinunua kapu, mke wangu ameliweka sebuleni, haruhusu nitie spana.

#19 Dada wa Maskati

Ulisema mzee aliwaambia wajukuu maneno mengi. Aliwaambia nini?

#20 Fundi Baridi

Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Huko huwezi kuwa mtu tu. Dunia yote ina mafungu mawili, Dhuwa na Yirritja. Watu, samaki, pepo, visima, nyota, kila kitu ni cha huku au cha kule. Wewe ni fungu la baba yako, unaoa fungu la pili, mama yako ni wa fungu la pili. Mgeni akikaa siku mbili tatu anawapa tabu, hawajui waongee naye vipi, wamtanie au wamheshimu. Kwa hiyo mzee alinitafutia mahali. Alinifanya wäwa, ndugu yake. Yeye Dhuwa, mimi Dhuwa. Wale wajukuu wakaambiwa huyu ni babu yenu. Nina miaka 38, wakuu.

Nikaona ni utani wa ukarimu. Kesho yake niko dukani, mama mmoja wa makamo kabeba katoni ya maji inamshinda. Mimi na malezi yangu ya Kilwa Kivinje nikaruka, "Mama, lete nikusaidie." Yule mama aligeuka ghafla akatazama rafu ya sabuni, akaacha katoni chini, akatokea mlango wa nyuma. Duka zima kimya, halafu vijana wakaangua kicheko. Nikadhani nimenuka.

Mzee akanieleza jioni, naye akijizuia kucheka. Yule kwake ni mukul rumaru, mkwe, mama wa mke. Hasemi naye, hamtazami, hampi kitu mkononi. Na kwa kuwa mimi ni ndugu yake, ni mkwe wangu pia. Nimemkimbilia mama mkwe wangu mbele ya umma nikitaka kumpokonya mzigo!

Nikamwambia, wäwa, kwetu makabila mengi ya bara ndivyo yalivyo, mwanaume akimwona mama mkwe njiani anaingia porini. Akanishika bega, akasema, "Sasa mbona ulikuwa hujui?"

Siku zilizobaki tulikuwa tunakwepana vizuri sana. Nikimwona natoka, akiniona anageuka. Siku ya kuondoka nikakuta kwenye sanduku langu la vifaa mkebe wa ukwaju uliomenywa, bila punje ya ganda. Mzee akasema katumwa mtoto alete. Hakusema na nani, na mimi nikajua nisiulize.

#21 Mzee wa Nangurukuru

Mjukuu wangu wa Kivinje, umenikumbusha. Kule Kisiwani tulipokuwa watoto bamvua likipungua tuliokota hizo shaba ufukweni, tukachezea, nyingine tukazirusha kushindana za nani zitaruka juu ya maji mara nyingi. Hatukujua ni mashairi.

#22 Kaka Tabora

Mzee usiseme hivyo, kuna watu wamesafiri na ramani ya X kutafuta moja tu.

#23 Nahodha Mstaafu

Mkebe wa ukwaju ulifika Darwin salama?

#24 Fundi Baridi

Uliishia kwenye mchuzi wa changu, Jumapili ileile. Mbegu nimezitunza.

Waliouliza PM kuhusu kazi huku nitawajibu wikiendi. Asubuhi nina ndege, kile chumba cha baridi kimekufa tena, na safari hii kompresa nimeibeba mwenyewe.